Zahanati imo kwenye bajeti mwaka wa tatu, mabati hatujayaona: fedha huwa ziko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mchuuzi wa dagaa katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, mkoa wa Mwanza. Jina la kijiji naomba lisitajwe, maana viongozi wetu ndio hao hao tunaokutana nao kila siku. Tulichanga, tukafyatua tofali, akina mama tukasomba maji na mchanga, boma la zahanati likafika kwenye lenta. Tukaambiwa sehemu yetu imekwisha, iliyobaki ni ya halmashauri. Huu ni mwaka wa tatu diwani anasimama mkutanoni na kusema "imo kwenye bajeti". Huku kila ndoo ya dagaa ninayoitoa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, nailipia ushuru, na mwaloni penyewe hakuna hata choo. Naomba kujua bajeti ya halmashauri inatengenezwaje, fedha zetu zinakwenda wapi, na mtu kama mimi afanye nini. Kikundi chetu nacho kiliomba ule mkopo wa asilimia 10, hatukupata jibu lolote.

JIBU: Marahaba, mama. Nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri za kanda hii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nililisikia kila msimu wa bajeti, mara nyingi kwa hasira zaidi ya hiyo uliyonayo.

Nianze na diwani wako, maana nahisi umeshamweka kwenye kundi la waongo. Inawezekana kabisa anasema kweli, zahanati yenu imo. Ila kuwemo kwenye bajeti ni jambo moja, na fedha kuwepo ni jambo jingine. Bajeti ni ruhusa. Baraza la Madiwani linakubali kwamba fedha zikipatikana, kiasi fulani kitumike kwa kazi fulani. Kila kazi inapewa kasma yake, yaani mstari wake kwenye kitabu cha bajeti, na kwenye kasma hiyo kunaandikwa kiasi pamoja na chanzo cha fedha. Mikutanoni wananchi mnasomewa jina la mradi na kiasi, mnapiga makofi. Chanzo hakisomwi, au kinasomwa harakaharaka, na chanzo ndicho kinachoamua kama mabati yatafika au hayafiki.

Fedha za halmashauri zinatoka sehemu tatu. Kubwa kuliko zote ni ruzuku ya mishahara kutoka Serikali Kuu. Ukisikia redioni kwamba halmashauri fulani imepitisha bajeti ya mabilioni kwa mabilioni, usidhani mkurugenzi anayo hayo yote ya kuamulia. Sehemu kubwa ni mishahara ya walimu, waganga na wauguzi, na shilingi ya mshahara haigeuzwi bati. Ya pili ni ruzuku ya maendeleo na fedha za wadau, ambazo zinakuja zikiwa na jina kabisa: ruzuku ya elimu bila malipo, inayopigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, Mfuko wa Afya wa Pamoja kwa ajili ya vituo vya kutolea huduma, fedha za madarasa, fedha za kukamilisha maboma. Hizi zikiingia zinashuka hadi akaunti ya shule au kituo chenyewe, na kuzihamisha ni kazi ngumu. Ya tatu ni mapato ya ndani: ushuru wako wa dagaa, leseni za biashara, minada ya mifugo, ushuru wa pamba na mpunga, vibali vya ujenzi. Ni hapa ndipo madiwani wana uhuru wa kweli wa kuchagua, na ni hapa hapa ndipo miradi mingi ya ahadi inapopangwa.

Ukiniambia nikisie bila kuona kitabu cha bajeti, nasema zahanati yenu imeandikwa chini ya mapato ya ndani. Sasa twende kwenye hesabu. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, zinabeba tu mwendo wa mambo.

Tuseme halmashauri ina kata 21 na imekisia kukusanya shilingi bilioni 4 za ndani, ukiondoa vyanzo lindwa kama ada za matibabu, ambavyo vinabaki kwenye huduma ilikotoka fedha. Mwongozo wa bajeti unaitaka halmashauri yenye mapato madogo kupeleka asilimia 40 ya mapato hayo kwenye maendeleo. Zenye mapato makubwa zinadaiwa 60 na kuendelea. Asilimia 40 ya bilioni 4 ni bilioni 1.6. Humo inatoka kwanza mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ni asilimia 10 ya zile bilioni 4 zote, yaani milioni 400. Inabaki bilioni 1.2 ya miradi. Gawanya kwa kata 21, kila kata ina milioni 57 hivi. Kukamilisha boma moja la zahanati, Serikali imekuwa ikitoa milioni 50. Kwa hiyo kwenye karatasi kila diwani anarudi nyumbani na zahanati yake iliyokwisha, na chenji juu. Diwani wako alikuwa na sababu ya kutembea kifua mbele.

Halafu mwaka unaanza. Makusanyo yanaishia bilioni 3. Matumizi ya kawaida yalipangiwa bilioni 2.4, na hayo hayakubali kupungua kirahisi: mafuta ya magari, vikao, posho za wenyeviti, mishahara ya watumishi wa mikataba, umeme wa ofisi, madeni ya wazabuni wa mwaka jana. Wakijibana sana watashuka hadi bilioni 2.1. Asilimia 10 ya mikopo ni ya kisheria, kwa hiyo milioni 300 zinatoka. Miradi inabakiwa na milioni 600, nusu ya ile iliyoahidiwa. Gawanya tena kwa kata 21: milioni 28 na kidogo. Fedha hizo hazimalizi zahanati hata moja. Zinanunua mbao kata hii, zinapiga plasta vyumba viwili kata ile, zinalipa sehemu ya deni la fundi kwingine, na mwisho wa mwaka taarifa inasema miradi yote 21 "inaendelea".

Angalia sasa. Milioni 600 hizo hizo, zisingegawanywa, zingemaliza zahanati 12. Kata 12 zingekuwa na mahali pa akina mama kujifungulia, na kata 9 zingesubiri mwaka unaofuata zikijua zamu yao. Kwa maoni yangu hili ndilo linalokula huduma za jamii katika halmashauri zetu kuliko kitu kingine chochote, kuliko hata wizi. Wizi upo, sitaki kuusafisha. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimerudia mara nyingi hoja ya fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kutolea risiti za ushuru, zisipelekwe benki. Lakini hata wakusanyaji wote wakigeuka malaika kesho asubuhi, mgawanyo wa mafungu madogo madogo utaendelea kuzaa maboma.

Utauliza kwa nini basi wanakisia bilioni 4 wakati wanajua zitakuja 3. Ukikaa kwenye kikao cha bajeti utaelewa. Kukadiria chini maana yake ni kumwambia diwani fulani, mbele ya wenzake, kwamba kata yake haina kitu mwaka huu. Kuongeza makisio ya ushuru wa samaki kwa milioni mia kadhaa kunamaliza ubishi kabla ya chakula cha mchana. Hakuna anayesimama kuomba makisio yapunguzwe.

Na samaki ndiye chanzo kisichotabirika kuliko vyote. Wewe unalijua hili kuliko mtu yeyote wa ofisini. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika, na siku hizo mkusanyaji wa ushuru anakaa mwaloni akicheza bao. Kila mwezi una wiki zake nzuri na wiki zake za njaa, lakini mafuta ya gari la wagonjwa yanahitajika wiki zote. Mvua za masika zikirefuka, dagaa hawakauki, bei inaanguka, wachuuzi wanasubiri. Sangara naye amekuwa akipungua na kanuni za uvuvi zimebanwa. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu na mitumbwi mingi ilitolewa ziwani, na mialo iliyozoea kujaa ikawa kimya kwa muda. Ongeza mtumbwi unaoona ushuru wa mwalo huu ni mkubwa, ukageuza usukani kwenda kushusha mwalo wa jirani ulio halmashauri nyingine, au ukapakua saa nane za usiku. Halmashauri za mjini hazina presha hii kwa kiasi hicho. Ilemela ina soko la samaki la Kirumba Mwaloni, na yeye na Jiji la Mwanza wana stendi, leseni, maduka, majengo. Wenzenu wa Geita wana mgodi unaotakiwa na sheria ya madini kukubaliana na halmashauri mpango wa kuhudumia jamii kila mwaka. Halmashauri ya wilaya ya kando ya ziwa ina samaki, mazao na minada, basi.

Sasa kalenda, kwa sababu nadhani ndipo ulipokosea mlango bila kujua. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini bajeti ya Julai inaanza kushika mimba Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Kijiji kinapanga vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, mkutano mkuu wa kijiji unavipitisha, vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Wakati huo huo Wizara ya Fedha inatoa mwongozo na ukomo wa bajeti, wataalamu wa halmashauri wanakaa kuvioanisha, na kufikia Januari au Februari kamati za kudumu na Baraza la Madiwani wanapitisha. Baada ya hapo kitabu kinakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia halmashauri), na Bungeni kuanzia Aprili. Mkutano ambao diwani anawaambia "imo kwenye bajeti" mara nyingi ni wa Mei au Juni. Kufikia hapo mnachoweza kufanya ni kupiga makofi au kuguna. Mahali pa kupigania zahanati ni kwenye mkutano wa kijiji wa Oktoba, ule ambao kwa uzoefu wangu akidi inatafutwa kwa filimbi, na kwenye kikao cha kata kinachofuata.

Kuna dirisha la pili ambalo wananchi wengi hawalijui. Katikati ya mwaka, baada ya robo ya pili kufungwa Desemba, halmashauri inapitia upya utekelezaji na kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine. Miradi midogo isiyo na mtu wa kuiulizia ndiyo inayofia hapo. Kasma ya "kukamilisha zahanati" inapunguzwa kimyakimya ili kuziba pengo kwingine, na mwaka unaofuata mradi unaandikwa upya kwa jina lile lile kana kwamba haujawahi kuwepo. Mradi wa mwaka wa tatu, kama wenu, ningeanza kuuchunguza hapo.

Jambo lingine, na hili naomba ulipeleke kwenye halmashauri ya kijiji. Orodha za vipaumbele vya vijiji karibu zote nilizowahi kupokea zilikuwa hivi: maji, barabara, umeme, zahanati. Vitatu vya kwanza haviko mikononi mwa halmashauri. Maji vijijini ni ya RUWASA tangu 2019, mjini ni ya MWAUWASA. Barabara za wilaya ni za TARURA tangu 2017, na barabara kuu za TANROADS. Umeme ni wa TANESCO na REA. (Hata lile daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, ni kazi ya Serikali Kuu, nimesikia watu wakiisifu halmashauri kwa ajili yake.) Afisa mipango anachofanya ni kuvihamishia vitatu hivyo kwa taasisi husika kwa barua, na zahanati, ambayo kweli ni ya halmashauri, inabaki ikiwa namba nne. Kijiji cha jirani kilichoandika zahanati namba moja kinawapita. Andikeni orodha mbili, moja ya halmashauri na moja ya taasisi hizo.

Tuje kwenye boma lenyewe. Kabla ya kudai fedha, hakikisheni linaweza kupokea fedha. Mwombeni mtendaji wa kata amlete mhandisi wa halmashauri kwa maandishi. Boma lililonyeshewa masika tatu bila paa haliko kama mlivyoliacha. Mistari ya juu ya tofali inakuwa imelainika, nondo zilizoachwa wazi zimeshika kutu, na mhandisi anaweza kuagiza mistari kadhaa ibomolewe kabla ya kenchi kupanda. Kama lilijengwa bila ramani ya Wizara ya Afya, ataangalia iwapo chumba cha kujifungulia kimo na milango inapitisha machela. Gharama aliyoiandika mtu miaka mitatu iliyopita haitoshi tena, na fedha zikija kwa kiwango cha zamani zitaishia njiani. Kama kijiji chenu kiko kisiwani, hukusema, ombeni usafiri uingizwe kwenye makadirio. Fedha za madarasa ya UVIKO mwaka 2021/22 zilikuwa milioni 20 kwa chumba, uwe kando ya lami Usagara au kisiwa cha Maisome, na mfuko wa saruji uliovuka maji kwa mtumbwi bei yake si ile ya Usagara. Wenzetu wa Ukerewe na Buchosa wanalijua hilo hadi kwenye mifupa.

Zaidi ya kuta na bati, zahanati haisajiliwi bila choo, kichomea taka, shimo la kutupia kondo la nyuma, na maji. Inahitaji pia nyumba ya mtumishi karibu, maana muuguzi anayepanga kilomita sita hawezi kuitwa saa tisa usiku. Mtumishi mwenyewe halmashauri haiwezi kumwajiri kwa kupenda tu. Kibali cha ajira kinatoka Serikali Kuu. Kuna wakurugenzi wanaochelewesha kumaliza majengo kwa sababu wanaogopa kufungua zahanati isiyo na mtu ndani, na hawasemi hivyo hadharani kwa kuwa haisikiki vizuri. Kwa hiyo ulizeni mapema kama zahanati yenu imeingizwa kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaoombwa.

Sasa wewe, mama, utafanya nini? Barua moja kwanza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Iandikie kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipite kwa mtendaji wa kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiandike malalamiko, andika swali linalojibika kwa tarakimu. Kitu kama hiki: "Naomba kujulishwa, kwa kila mmoja wa miaka mitatu ya fedha iliyopita, namba ya kasma ya mradi wa kukamilisha zahanati ya kijiji chetu, kiasi kilichotengwa, chanzo cha fedha, kiasi kilichotolewa, na kama kulikuwa na uhamisho wa fedha kutoka kasma hiyo." Basi. Mhasibu anazipata kwenye mfumo wa malipo kwa muda mfupi tu. Barua ya namna hii huwa inasomwa tofauti, kwa sababu aliyeiandika anaonekana anajua kitabu kinavyosomeka. Kama unaogopa kujitokeza peke yako, iandikwe kwa jina la kikundi au la kamati ya ujenzi.

Jibu likisema chanzo ni mapato ya ndani na kilichotolewa ni sifuri, msipoteze mwaka wa nne mkisubiri pale pale. Pigeni njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza, ombeni boma lenu liingizwe kwenye orodha ya maboma ambayo halmashauri inapeleka TAMISEMI kuombewa ruzuku, kwa sababu fedha za huko zikija zinakuja nzima. Hapa kumbukumbu zenu ni mtaji. Mtendaji wa kijiji aandike tofali ngapi, tripu ngapi za mchanga, michango ya fedha, siku za kazi, na mhandisi azithaminishe kwa shilingi. Utaratibu wa sasa wa mipango shirikishi unataka jamii ianze na Serikali iunge mkono, na nguvu zisizoandikwa popote hazihesabiwi. Ya pili ni kwa mbunge. Mfuko wa Jimbo ni mdogo na unagombewa, lakini bati na mbao ndivyo vitu vinavyouendea vizuri.

Kwa diwani, mpelekeeni hoja ya zamu. Asimame kwenye Baraza na kupendekeza kwamba fedha za miradi za mwaka huu zimalize maboma machache kabisa, yaliyo tayari, na yaliyobaki yapangiwe mwaka. Hatapendwa siku hiyo. Atahitaji madiwani wenzake wa tarafa yenu wamuunge mkono, na atahitaji nyinyi mkubali kwamba pengine zamu ya kwanza si yenu. Kama hamuwezi kulikubali hilo mkutanoni, msimlaumu akirudi na milioni 28. Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Nendeni watu watano mkakae nyuma siku ya bajeti. Madiwani wanazungumza tofauti wakiona wapiga kura kwenye viti.

Kuhusu mkopo wa kikundi. Asilimia 10 imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Imekuwa takwa la sheria tangu marekebisho ya 2018. Aprili 2023 ilisimamishwa nchi nzima baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kama ombi lenu lilipelekwa kabla ya hapo au katikati yake, lihesabuni limekufa na muombe upya kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwenye andiko msiandike "biashara ya dagaa" pekee. Andikeni chanja za kukaushia: ngapi, za urefu gani, nyavu zake bei gani, na mtapata tofauti ya shilingi ngapi kwa gunia kati ya dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani. Kamati inayopitia maandiko imechoka kusoma "kukuza mtaji".

Choo cha mwaloni ni dai lenu lenye nguvu kuliko mnavyofikiri, na ningelitenga kabisa na zahanati. Mwalo ni chanzo cha mapato, na halmashauri inaruhusiwa, inahimizwa hata, kutenga fedha za kuboresha vyanzo vyake. Mwambieni mweka hazina, kwa lugha yake, kwamba mtumbwi unaokwenda kushusha mwalo wa jirani kwa sababu pale kuna choo, maji na sakafu ya saruji ni ushuru uliopotea. Kikundi cha usimamizi wa mwalo, BMU, ndicho cha kupeleka ombi hilo, kikiambatanisha hesabu ya mitumbwi inayoshusha kila siku.

Na hesabu hiyo ianze na risiti. Kila ndoo unayolipia, dai karatasi inayotoka kwenye mashine ya POS, uangalie kiasi na tarehe, uziweke kwenye mfuko. Mwezi mzima wa risiti za wachuuzi kumi, mkizijumlisha, unawapa tarakimu ya kuweka mezani pembeni ya taarifa ya makusanyo ya mwalo wenu inayosomwa kwenye kikao cha kata. Tarakimu mbili hizo zikipishana sana, mpelekeeni mkaguzi wa ndani wa halmashauri kabla ya diwani.